Tangi la Mstari Mwekundu

Orrin Tesch hakuamini kipimo chochote cha unyevu kilichotengenezwa na binadamu. Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, alishuka bustanini kwake akachomeka kidole kwenye udongo mpaka fundo la pili, chungu cha kwanza hadi cha ishirini na nne, na kila alipokichomoa alikinusa. Ukimkuta katika kazi hiyo, usimsalimie. Mimi nilimsalimia mara moja, mwaka wa kwanza nilipohamia huku mlimani, akaniambia nimemsahaulisha alipofika na itabidi aanze upya. Akaanza upya kweli, huku akinitazama.

Vyungu vyenyewe havikuwa vya kufinyangwa. Vilikuwa vya kitambaa kizito cheusi, vimo vyake mpaka pajani, vipana kiasi kwamba watu watatu walihitajika kukizunguka kimoja kwa mikono. Kila kimoja kilimeza udongo wa kujaza pikapu, na udongo huo Orrin alikuwa akiutunza kwa miaka kumi na tano: mboji, samadi ya kuku, maganda ya kaa aliyoyasaga mwenyewe. Ardhi ya pale kwake ni mawe matupu, haioti hata magugu ya maana. Lakini kitambaa kinapumua. Mzizi ukifika ukingoni unakutana na hewa, ncha inakauka, na nyuma yake mizizi mingine inachipua. Ndiyo maana bangi ya Orrin haikuwa mimea, ilikuwa miti. Mwezi Septemba aliikagua kwa ngazi, na matawi aliyafungia kwenye wavu wa kamba na fito za mianzi yasivunjike kwa uzito wa maua.

Kasoro ya kitambaa ni moja tu. Kinachopitisha hewa kinapitisha na maji. Siku za joto kali chungu kimoja kilitaka lita arobaini na tano, na usipokipa, saa sita mchana majani yote yamelala.

Alikuja California ya kaskazini akiwa na miaka ishirini na miwili, eti kwa wiki moja, kuwasaidia Wendell na Idella Strand kupasua kuni. Hakuondoka tena. Aliwahi kuoa, kwa muda mfupi. Mke alimwambia angekuwa na majani angepapaswa zaidi, akafunga virago, na Orrin mwenyewe alitusimulia hilo bila kinyongo, maana aliona mama wa watu alisema kweli.

Enzi zile bangi ilifichwa chini ya misonobari, shimo moja hapa, jingine kule, na kila Agosti helikopta zilikuja. Mwaka mmoja askari wakateremka kwa kamba ndani ya shamba lake. Idella akamficha Orrin kwenye banda la mbuzi siku tatu, chini ya majani makavu, na askari walipobisha akawakaribisha chai, akawasimulia ugonjwa wa kwato za mbuzi mmoja mmoja kwa jina, mpaka wakaaga wenyewe. Wendell ndiye aliyemfundisha kutambua mche dume kabla haujamwaga chavua ukaharibu kilimo cha mlima mzima. Kwa ufupi, wale wawili ndio waliomlea, ingawa Idella alimzidi miaka kumi na sita tu. Mpaka Orrin anafikisha miaka sitini na minane, Idella alikuwa bado anamwita mtoto.

Enzi zile zilituachia tabia moja: hatuulizani. Huulizi jirani ana miche mingapi, maji anayatoa wapi, nani analala kwake. Muulizaji alikuwa ama polisi ama mwizi. Baadaye sheria ikabadilika, tukapewa leseni za kutundika ukutani, wakaguzi wakaja na viatu visafi wakahesabu vyungu vyetu mchana kweupe. Ulimi haukubadilika. Hilo nalisema mapema ili ujue kwamba katika lawama za habari hii simwachi mtu, na mimi mwenyewe simo katika wanaoachwa.

Mimi ni mmoja wa zimamoto wa kujitolea. Tuko watu kumi na mmoja, gari moja la zamani, na redio zinazosikika zikitaka. Gari letu hubeba maji ya dakika nne. Kwa sababu hiyo kila shamba lina tangi la moto, lita elfu tisa, lenye mstari mwekundu tumboni na koki inayoingiana na mpira wetu. Maji yale hayamwagiliwi mmea wala hayanyweshwi mnyama. Kila Mei tunapita shamba kwa shamba, tunaligonga tangi, tunatia alama kwenye orodha: limejaa. Hatupiti tena mpaka Mei nyingine, kwa kuwa kumwuliza mtu habari ya maji yake mara ya pili ni kumwita mwongo mbele ya lango lake.

Tangi la Orrin lilikuwa la mwisho kwenye barabara yetu. Hatua mia moja juu yake ilikuwa nyumba ya akina Strand, na baada ya hapo hakuna kitu ila msitu.

Mwaka huo mvua ya masika ilikatika mapema. Julai chemchemi zikawa zinadondosha, Agosti zikanyamaza. Bwawa la Orrin lilibaki tope lililopasuka, na kijito hakigusiki kiangazi, sheria imekataza. Tarehe za mwanzo za Septemba moto ukaanza bonde la mashariki, mbali, na tangu siku hiyo jua lilichomoza likiwa jekundu na kutua jekundu. Tulikula moshi, tukalala na moshi. Ndege wakahama. Mbuzi wa Idella wakaacha kushuka bondeni, wakawa wanasimama pamoja nyuma ya nyumba wakitazama upande mmoja, na Idella akasema hapendi kabisa mbuzi wanaokubaliana.

Maua ya Orrin yalikuwa yamebakiza wiki mbili. Hizo ndizo wiki zenyewe: ua linanenepa, utomvu unageuka kutoka maziwa kuwa kahawia, na mmea ukishikwa na kiu siku mbili tu, kazi ya mwaka imekwenda. Aliagiza gari la maji. Aliambiwa Alhamisi. Alhamisi ikaja, barabara kuu ikafungwa kwa ajili ya moto, gari likarudishwa.

Asubuhi ya Ijumaa alipanda kwenye tangi la mstari mwekundu na kipande cha mpira. Haya alinieleza yeye mwenyewe baadaye, kwa hiyo sikisii. Alisema alikusudia kuchota kidogo, robo tu, kisha gari likija alirudishe lilivyokuwa. Jumamosi akachota tena. Alisema mimea ilipopata maji ilinyanyua majani mbele ya macho yake, na alipoiona hivyo alilia. Siku ya nane alipiga tangi kwa kiganja, likaitika tupu mpaka chini. Yaliyosalia yalitosha asubuhi moja nyingine.

Jioni hiyohiyo ya siku ya nane ikatoka amri ya kuondoka, mlima mzima. Nilipanda kwa akina Strand na orodha yangu mkononi. Nilimkuta Orrin kitandani kwa Wendell, anamlisha supu. Alikuja kila siku kumgeuza mzee ubavu, maana Idella peke yake hakumudu. Wendell alikuwa na miaka themanini na minane, mapafu yamekwisha, mrija wa oksijeni puani. Mwaka uliotangulia tulimshusha hospitali kwa barabara ile ya mawe, moyo ukasimama darajani, tukaurudisha kwa bahati. Daktari alisema safari nyingine kama ile tusimpeleke bila kuaga.

"Thad, kaa, kuna supu," Idella akaniambia.

"Sikai, Idella. Wamesema tuondoke. Gari la wagonjwa linaweza kufika saa moja."

"Limpeleke wapi? Afie darajani?"

"Mimi nimeshakimbia mioto minne," Wendell akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Huu wa tano, uje unikute nimelala. Nimechoka kuukimbia."

"Usiongee, supu itakupalia," Idella akamwambia. Kisha kwangu: "Wewe si ndiye ulisema siku ile mkiwa na maji saa nzima mnaweza kuilowesha nyumba hii, moto ukapita juu ukaenda zake? Bati jipya, miti nimekata pande zote. Ulisema hukusema?"

"Nilisema. Kama maji yapo."

"Basi tazama kitabu chako hicho."

Nikafungua orodha. Nikasoma kwa sauti, mjinga mimi: "Tesch. Lita elfu tisa. Limejaa."

Kijiko kikasimama hewani. Sikusimuliwa hilo, nililiona.

"Ondokeni tu," Orrin akasema.

"Kwa nini?" Idella akamgeukia.

"Moto ni moto, Idella. Huwezi kujua."

"Ehe, mtoto leo kaanza kuogopa. Miaka yote hii unalala chini ya helikopta, leo unaogopa moshi." Akamgusa begani. "Una maji, mwanangu. Limejaa, Thad kasoma sasa hivi. Au siyo?"

Orrin akamtazama Wendell, akamtazama Idella, akanitazama mimi. Akasema, "Mie nasema tu muondoke." Kisha akamfuta mzee mdomo na kumpa kijiko kingine.

Suruali yake ilikuwa na tope mpaka chini ya magoti. Tope bichi, mwezi Septemba wa mwaka ule, wakati mimi nyumbani kwangu nilikuwa naosha sahani kwa kikombe kimoja. Niliona. Nilijua hata harufu yake, harufu ya udongo uliolowa. Ningefumbua mdomo tu, maneno matatu: maji umeyatoa wapi? Sikuuliza. Niliandika kwenye orodha kwamba akina Strand wanabaki, sababu tangi liko karibu, nikashuka.

Kesho yake saa nane mchana upepo ukageuka. Huku tunaujua upepo wa mashariki, unashuka mkavu na moto, unafunga milango yote ya upande mmoja wa nyumba. Redio ikasema moto umeruka mto. Mwenzangu Rosalba akaingia kwenye gari kabla sijafunga viatu, akaendesha barabara ile kama mtu anayeidai. Taa tuliwasha mchana. Majivu yalikuwa yakianguka kwenye kioo, mengine bado yana umbo la jani.

Tulisimama kwenye tangi. Mpango ulikuwa mwepesi, tumeshaufanya mara nyingi mazoezini: unganisha mpira, fungua koki, mmoja kwenye pampu, mmoja anapanda na bomba mpaka kwa akina Strand. Rosalba akaunganisha. Nikafungua. Pampu ikakohoa, ikanyonya hewa, ikaanza kulia.

"Koki," Rosalba akasema.

"Nimeifungua yote."

Akachukua spana, akaligonga tangi juu, akaligonga kati, akainama akaligonga chini kabisa. Sauti ilikuwa ileile. Akanigeukia na uso ambao sitaki kuueleza.

Orrin alikuwa anapanda mbio kutoka bustanini, mzee yule, kifua kinamfukuta. "Halina kitu," akasema.

"Limevuja?" nikamwuliza. Kwa mara ya kwanza nikamwuliza.

"Halijavuja."

Hasira niliyokuwa nayo ingenitosha kumpiga, lakini muda haukunitosha. Tulipanda sote watatu. Idella alikuwa ameshasimama mlangoni, anasubiri maji. Ameshafunga madirisha, ameshatandika mataulo chini ya milango kama tulivyomfundisha. Nilimwambia tunamtoa Wendell, akauliza maji yako wapi, nikamwambia hakuna, akaenda kuvuta blanketi.

Tulimbeba kwa blanketi, kila mmoja pembe yake, Idella wa miaka themanini na minne akishika ya nne. Chupa ya oksijeni tuliiacha, kwa sababu hewa ile ikikutana na cheche ni balaa kwa wote. Tulipofika kwenye gari, msonobari unaowaka ulikuwa umelala barabarani chini yetu. Hapakuwa na kutoka. Msitu juu, msitu pande zote, na mahali pamoja tu palipokuwa pa kijani.

Rosalba ndiye aliyepaza sauti: "Bustanini. Haraka."

Tuliingia kati ya safu mbili za vyungu. Miti ya bangi ilikuwa imefunga juu yetu, maua yake mazito, na ardhi ilikuwa imelowa. Tulimlaza Wendell chini, tukajibana kwenye vyungu kila mtu upande wake. Rosalba alisogeza gari mpaka kwenye uzio, akamwaga zile dakika nne za maji juu yetu na juu ya majani, akaja akalala nasi. Kisha moto ukafika.

Sijui ulikaa muda gani. Baadaye walituambia kama dakika ishirini. Ulipita kushoto na kulia kwa kishindo ambacho nilikisikia tumboni. Majani ya safu ya nje yalijikunja yakawa meusi, fito zikapasuka, wavu ukayeyuka ukadondoka vipande. Lakini miti ile haikushika. Ilikuwa imejaa maji. Niliweka mdomo kwenye kitambaa cha chungu nikavuta pumzi kupitia kwake, hewa ya udongo, ya baridi, na najua ndiyo iliyoniweka hai. Kutoka juu tulisikia vioo vya nyumba ya akina Strand vikipasuka, kimoja kimoja, halafu mtungi wa gesi. Mbuzi tulikuwa tumeacha kuwasikia kitambo.

Kelele iliposogea mbali nilinyanyua kichwa. Idella alikuwa ameketi, ameegemea chungu, kichwa cha Wendell mapajani kwake. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Hakuungua hata unywele, ni ule moshi tu, na ile hewa aliyoikosa. Uso wake ulikuwa mweusi wa masizi, isipokuwa pale mrija ulipokuwa umepita mashavuni.

Rosalba akashika mkono wa mzee, akahesabu, akaurudisha kifuani. Orrin alikuwa amepiga magoti mbele yao, mikono chini. Alikuwa akisema kitu kwa sauti ndogo, sikukisikia.

Idella hakumtazama. Alifungua kitambaa chake cha kichwa. Akakipeleka nyuma kutafuta pa kukilowesha, kikagusa ubavu wa chungu, akashtuka. Akaweka kiganja pale kwenye kitambaa cheusi, akakishindilia, maji yakatoka katikati ya vidole vyake yakateremka mpaka kwenye kiwiko. Akageuka akagusa chungu cha pili. Akagusa cha tatu. Halafu akatazama matope tuliyokuwa tumekaa ndani yake, akayatazama kwa muda mrefu, mwanamke aliyeishi mlimani miaka sitini na anayejua kila chemchemi ilikauka tarehe ngapi.

"Maji haya umeyatoa wapi, Orrin?" akauliza.

Akamwambia. Hakuongeza kitu wala hakupunguza: gari la maji, Ijumaa, mpira, siku nane, na yaliyobaki asubuhi ile. Alimwambia pia kwamba jana kwenye supu alitaka kusema. Nilingoja ampige, au alie, na ningependa afanye mojawapo. Idella alikishindilia kitambaa chake kwenye chungu mpaka kikalowa vizuri, akakikamua kidogo, akaanza kumfuta Wendell paji la uso. Alifuta polepole, akazunguka macho, akashuka puani. Kitambaa kikawa cheusi mara moja. Akakiangalia, akamnyooshea Orrin bila kuinua macho.

"Lete mengine," akasema. "Bado hajatakata."

Orrin akakipokea, akajikokota kwa magoti mpaka kwenye chungu cha karibu, akaanza kukikamua kwa mikono yote miwili.